Uzi wa Pili

Ilikuwa baada ya Isha. Watoto wameshalala, mama yao yuko jikoni anaroweka mbaazi za asubuhi, na mimi nimo chumbani na gita langu, hedifoni masikioni. Kwa maoni yangu, usiku ule nilikuwa napiga vizuri kuliko siku zote. Vizuri hata nikainuka kitandani nikasimama, mguu mmoja mbele, kama wanavyosimama wale wa jukwaani. Usinicheke. Waya wa hedifoni ukanasa kwenye mkono wa droo, ukachomoka, na amplifaya ikapata uhuru wake.

Aliyewahi kukaa majumba ya Michenzani, hapa Unguja, anajua sauti inavyotembea mle. Ukipiga chafya ghorofa ya tatu, wa ghorofa ya kwanza anakuombea rehema. Sasa weka gita la umeme, mkwaruzo umefunguliwa mpaka mwisho, na madirisha yote wazi kwa joto la kaskazi.

Sekunde tatu, labda nne. Nikairukia swichi.

Kimya kikashuka hata nikalisikia friji la jirani. Nikasubiri matusi, au angalau lile la "Nyinyi watu hamna adabu?" Badala yake, kutoka dirisha la chini yetu, ikaja sauti ya mzee, tulivu kama ya mtu anayeuliza bei ya mchele:

"Uzi wa pili umelegea!"

Kisha dirisha likafungwa.

## Mwiba wa changu

Angenitukana ningelala. Asubuhi ningeshuka na sahani ya mahamri, ningeomba radhi, yakaisha, ndivyo tunavyoishi. Lakini huyu hakulalamikia kelele. Alinisahihisha.

Nikachukua simu, nikafungua ile programu ya kupimia nyuzi, nikaugusa uzi wa pili. Mshale ukaenda kushoto, ukawa mwekundu. Umelegea kweli. Si sana, kiasi cha unywele. Nyuzi zenyewe zilikuwa mpya, nimezifunga siku mbili kabla, na nyuzi mpya huendelea kuvutika mpaka zizoee; hilo nililisoma mahali. Nisilolielewa ni vipi mtu aliye chini ya sakafu ya zege alilisikia kosa lile kwa sekunde tatu, na mimi niliyekuwa nalo saa nzima, limezibwa ndani ya masikio yangu mawili, sikulisikia.

Likanikaa kooni kama mwiba wa changu. Wiki tatu. Nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, lipo. Nikiwa nimebanwa kwenye daladala, lipo.

Uzi unarekebishwa, hauna neno. Kilichonisumbua ni kwamba nilikuwa na miezi mitano ya kujifunza muziki, na katika miezi hiyo mitano nilikuwa nimejifunza kila kitu isipokuwa kusikia.

## Gita la kontena

Nirudi nyuma kidogo.

Gita nililipata kwenye vitu vya kontena, limelazwa baina ya friji bovu na baiskeli ya mtoto isiyo na mnyororo. Jekundu, limechubuka mgongoni, nyuzi nne kati ya sita, na zote nne zina kutu. Muuzaji mwenyewe hakujua kama linalia. Tukaafikiana laki na nusu pamoja na amplifaya ndogo, kubwa kidogo kuliko kreti ya soda. Mke wangu aliponiona napanda ngazi na kitu kirefu kimefungwa shuka alifurahi, akidhani ni ile feni ya kusimama aliyoniomba tangu mfungo uliopita. Furaha hiyo haikufika sebuleni.

Watu wakisikia Mzanzibari na roki wanakimbilia Freddie Mercury, yule mwimbaji wa Queen. Sawa. Kazaliwa hapa mwaka 1946, na watalii wanapigwa picha kila siku pale Shangani. Lakini yule alikuwa mtu wa piano na koo. Gita alilishika kwa kordi zake chache, zile sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, basi. Mimi ugonjwa wangu ulitoka kwa binamu yangu baharia, aliyerudi safari moja na kaseti isiyo na jalada, nami niko darasa la saba. Hata leo sijui ni bendi gani. Katikati ya upande wa pili kuna gita linashika sauti moja, linaivuta, linaivuta, mpaka inatoka kama mtu anayelia huku akijizuia. Nilikuwa nairudisha kaseti kwa kalamu ili nisimalize betri, mpaka siku utepe ulipokatika.

Nilinunua gita nina miaka arobaini. Hesabu mwenyewe nimeibeba sauti ile muda gani.

## Mshipi

Wiki ya pili, nikiwa nimeshalifungia nyuzi zote sita, uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, ukakatika. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma. Nyuzi za akiba sina, na za kuagiza zilibidi zitoke Kariakoo zije na boti. Nikajifanya fundi: nikanunua mshipi wa kuvulia, nikaufunga mahali pa uzi.

Kavukavu, bila umeme, ulilia vizuri tu. Laini, kama udi. Nikachomeka amplifaya. Nyuzi tano zikanguruma. Huo wa mshipi, bubu. Nikapandisha sauti, bubu. Nikazungusha kila kifundo kilichokuwepo, bubu.

Ilinichukua siku mbili kuelewa, na aibu yake ni kwamba mimi ni mwalimu wa hesabu na fizikia niliisoma. Gita la umeme halinasi sauti hewani kama maikrofoni. Chini ya nyuzi kuna sumaku, na sumaku hizo zimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, nguvu ya sumaku nayo inatikisika, na ndani ya waya unazaliwa umeme mdogo sana unaocheza kwa kasi ileile ya uzi. Huo ndio unaopelekwa kukuzwa. Mshipi wa nailoni, kwa sumaku, haupo. Unaweza kuuchapa mpaka alfajiri.

Nikamwendea mke wangu na ugunduzi wangu. "Unajua, gita hili kumbe halina sikio."

Akajibu bila kugeuka kwenye sufuria: "Mmekutana."

## Taa ya kijani

Niseme nilivyojifunza, maana nadhani wengi wetu tunajifunza hivyo. Video kwenye simu, mwalimu anazungumza Kiingereza cha mbio, vidole vyake vimekuzwa vinajaa kioo. Nasimamisha, natazama kidole chake kiko wapi, naweka changu. Halafu kuna yale maandishi wanayoyaita tabu, na jina limejipa lenyewe: mistari sita kwa nyuzi sita, na juu yake namba zinazokwambia ubane chuma cha ngapi. Vile vyuma vya shingoni vinaitwa freti. Uzi wa tano, freti ya saba, haya, songa. Huhitaji kujua sauti gani itatoka. Unaweka kidole kwenye namba kama mtu anayejaza fomu.

Na kabla ya yote, simu inakupimia nyuzi. Unagusa, unazungusha kifundo, taa inakuwa ya kijani, umemaliza. Sikio halijaulizwa.

Vidole viliuma. Wiki sita za mwanzo ncha zake zilikuwa kama zimechovywa pilipili. Bahati ni mkono wa kushoto, ungekuwa wa kulia nisingekula. Kila nilipotaka kulalamika nilimkumbuka Tony Iommi, mpiga gita wa bendi ya Black Sabbath. Mwaka 1965, akiwa kijana wa miaka 17 kule Birmingham, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili, tena vya mkono anaobania nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea ncha za bandia, akatafuta nyuzi nyembamba anazoweza kuzimudu. Kwa kumfuata yeye nami nikashuka mpaka nyuzi wanazoziita za tisa: inchi moja ukiikata vipande elfu, uzi mwembamba una unene wa vipande tisa.

Kisa kile nilikisimulia kwa watu wengi, kila mara kama kisa cha uvumilivu. Jambo moja nililipita mbio. Plastiki haihisi. Vile vidole viwili havikuweza tena kumwambia uzi uko wapi. Alibaki na masikio.

Kuna na mkwaruzo, ile distosheni, ambayo ndiyo roho ya roki na ndiyo rafiki yangu mbaya. Amplifaya inasukumwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti vinakatwa, na sauti inakuwa nene na ndefu. Mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya The Kinks, kijana wa London, aliichana karatasi ya spika yake kwa wembe ili aipate. Huku kwetu spika zinachanika zenyewe kwenye maharusi, bila wembe, na hakuna anayesifiwa. Ubaya wake kwa mwanafunzi ni kwamba mkwaruzo unasawazisha. Uchape kwa nguvu, uchape kwa uvivu, vyote vinatoka vinanguruma sawasawa. Miezi mitano nilikuwa nazisikia kelele nikidhani najisikia mimi.

## Hodi

Wiki ya nne nikashuka.

Nilikuwa namjua kama mzee wa bao barazani. Watu wanamwita Maalim, na mimi siku zote nilidhani ni maalimu wa chuo. Kumbe amepiga fidla kwenye taarabu miaka zaidi ya thelathini. Fidla lenyewe liko juu ya kabati, ndani ya sanduku lake. Vidole vimeanza kutetemeka, halishuki tena.

"Hodi. Asalaam aleykum."

"Aleykum salaam. Karibu, jirani."

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Umeukaza?"

Hakuhitaji kusema umeukaza nini. Nikamwambia nimeukaza, na nikaomba radhi kwa usiku ule. Akapunga mkono. "Kalilete," akasema. "Na hilo sanduku lake la umeme. Lisije likawa jini, watoto wamesema ni jini."

Nikalileta. Nikachomeka, nikawasha, na kabla sijagusa kitu ikaanza ile ngurumo ya chinichini ambayo kila mwenye gita la bei rahisi anaijua. Nikaona haya. Nilikuwa natafuta maneno ya kuieleza, Maalim akainamisha kichwa kama ndege.

"Sol," akasema.

"Nini, Maalim?"

"Hiyo inayonguruma. Sol. Imepanda kidogo."

Alikuwa anaitaja sauti kwa jina lake, kama do, re, mi. Nikaziwekea nyuzi kiganja, ngurumo ikanywea, tukaendelea. Lakini usiku nikakaa na daftari. Umeme wetu unapinduka mara 50 kwa sekunde. Sol ya chini kabisa, ile inayolingana na ngurumo, inatikisika mara 49. Mzee wa watu, ameketi juu ya mkeka na kikombe cha kahawa, ameusikia umeme wa ukutani akauita kwa jina lake, na kosa lake akalitaja.

Tulipofika kwenye kupiga penyewe, akaniambia niondoe mkwaruzo. Nikauondoa. Nikapiga kordi ya sol, nyuzi zote sita, kwa uangalifu wote nilionao.

"Wa pili umepanda."

Safari hii nilikuwa tayari. Nikatoa simu, nikaugusa uzi, nikamgeuzia kioo: kijani, katikati kabisa, haupungui hauzidi. Maalim akaitazama simu kwa adabu, kama unavyotazama picha ya mtoto wa mtu.

"Kizuri," akasema. "Lakini umepanda."

Nilipanda ngazi nikijiambia mzee kazeeka.

## 245

Sikuamini, lakini pia sikulala. Mtu aliyeusikia umeme hawezi kukosea uzi. Na simu haina sababu ya kunidanganya.

Mimi nikibishana na mtu, namalizia ubaoni. Uzi wa tatu ukiwa wazi, yaani haujabanwa, ni sol, unatikisika mara 196 kwa sekunde. Uzi wa pili ukiwa wazi ni ile sauti iitwayo si. Sauti hizi mbili hutulia pamoja zikiwa na uwiano wa nne kwa tano: 196 gawa kwa 4, zidisha kwa 5, unapata 245. Nikaitazama simu inataka ngapi. Inataka 246.94.

Takriban mbili zaidi. Zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye vyuma. Freti moja inakatiza chini ya nyuzi zote sita, haiwezi kusogea ili kumridhisha kila mmoja. Kwa hiyo kutoka sauti moja mpaka mwenzake wa juu, umbali wote umegawanywa hatua kumi na mbili zilizo sawa kabisa, ili uweze kuanzia wimbo popote pale. Ni mgawanyo wa haki kwa maana ya kwamba kila mtu kapunjwa kidogo. Sauti ya si imepandishwa, na ikigongana na sol mawimbi yao ya juu yanatetemeka, mara nane hivi kwa sekunde. Mtetemo huo ndio Maalim anausikia. Fidla halina freti. Kwa miaka thelathini na kitu kidole chake kimekuwa kikitafuta mahali ambapo mtetemo unanyamaza, na kikishafika kinakaa.

Simu inasema kweli. Maalim anasema kweli.

Halafu, kwa kuwa chaki ilikuwa bado mkononi, nikapiga hesabu ya pili, na hii ndiyo iliyoniinua kwenye kiti. Katika roki hatupigi kordi nzima, zile sol, si na re. Video ya kwanza kabisa niliyoitazama iliniambia: bana sauti mbili tu, ya kwanza na ya tano, hiyo ndiyo roki. Sol na re. Miezi mitano nimezibana bila kuuliza kwa nini. Sasa tazama: sol na re hutulia kwa uwiano wa mbili kwa tatu, yaani 196 kwa 294. Vyuma vinatoa 293.66. Tofauti hata nusu haifiki! Ni ile sauti ya katikati tu, ile iitwayo si, iliyo na ugomvi mkubwa, na ukiweka mkwaruzo juu yake ugomvi ule unakuzwa mpaka kordi nzima inakuwa matope. Kwa hiyo wapigaji wa roki wakaiondoa.

Saa nne na nusu usiku nikashuka ngazi na daftari, ndala miguuni. Maalim alikuwa macho, wazee hawalali. Akanisikiliza mpaka mwisho, hesabu zote, akijaza kahawa.

"Kumbe mmemtoa wa katikati."

"Ndiyo, Maalim. Kwa sababu yeye ndiye anayegombana."

"Mgomvi mmemfukuza harusini." Akacheka mpaka akakohoa. "Na wewe ulikuwa hujui kama mmemfukuza."

Sikuwa najua.

## Pasipo na chuma

Hapa lazima niseme jambo, maana naona mnavyoanza kunifikiria. Watu walipojua nashinda kwa Maalim, kila mmoja alikuwa na ushauri uleule: jifunze udi basi, jifunze fidla, ndiyo vitu vyetu. Maalim mwenyewe alinitolea fidla siku moja, akaliweka mapajani pangu bila kusema kitu. Nilililaza hapo kwa adabu, dakika nzima, nikamrudishia. Sitaki. Napenda taarabu kama mtu yeyote aliyelelewa na redio ya bibi yake, lakini kitu kilichokatika kwenye ile kaseti hakikuwa taarabu, na nikitaka kudanganya watu kuhusu mapenzi yangu nitaanza na mengine.

Sijui kama alikasirika. Alilirudisha juu ya kabati, akasema, "Haya, shika gita lako."

Amri yake ya kwanza ilikuwa simu ibaki juu kwangu. Nyuzi nizifunge kwa sikio: bana uzi wa sita freti ya tano, usawazishe na wa tano ulio wazi, halafu wa tano na wa nne, uendelee hivyo, ila ukifika wa tatu unabana freti ya nne, la sivyo wa pili utapanda vibaya. (Daima huyo wa pili.) Mara ya kwanza ilinichukua dakika ishirini na tano, na nilipomaliza gita lilikuwa halifai. Sasa ni dakika tatu, na mara nyingi linafaa.

Amri ya pili ilikuwa kuvuta. Hicho ndicho nilichokuwa nikikimbia. Kwenye roki unaweza kubana uzi kisha ukausukuma pembeni kwa kidole, ukakazika, na sauti ikapanda bila kuvuka chuma. Kwenye tabu wanaandika mshale mdogo. Mshale haukwambii ukomee wapi. Hakuna namba, hakuna freti, hakuna kitu cha kutazama. Mimi nilikuwa nasukuma mpaka kidole kiume, nikidhani maumivu ndiyo alama ya kufika.

Tulifanya hivi: napiga uzi wa pili, freti ya tano, hiyo ni mi. Nainyamazisha. Nabana uzi wa tatu freti ya saba, hiyo ni re, nausukuma hadi re iwe mi ileile. Macho yamefumbwa. Maalim ananiongoza kama utingo anayerudisha lori kwenye kichochoro:

"Hujafika. Hujafika. Umepita. Rudi. Rudi... umepita tena."

Wiki nzima hivyo. Hapo ndipo karibu niache. Si kwa uchovu. Nilianza kusikia jinsi ninavyopiga vibaya, na kilichokuwa kikinifurahisha kila usiku, ule mguu mbele, ile raha, kikaondoka. Nilikuwa mpigaji mzuri zaidi kabla sijapata masikio. Siku mbili gita lilikaa nyuma ya mlango na mke wangu akatundika kanga juu yake.

Siku ya tatu nikashuka nalo, kwa vile mtoto alikuwa anataka kulitumia kama goli.

Jioni ile, katika kuvuta, kidole kikachoka njiani. Kikasimama baina ya chuma na chuma.

"Hapo," akasema Maalim. Sauti ilikuwa imebadilika. "Kaa hapo hapo."

Nikakaa. Haikuwa sauti ya freti ya chini wala ya juu yake. Akaanza kuimba kwa pua, polepole, kipande cha kitu nisichokijua, na kila alipotua alitua pale nilipo mimi. Aliniambia baadaye ni Rast, mojawapo ya maqamu, zile njia za sauti za muziki wa Kiarabu, na kwamba sauti ya tatu ya Rast inakaa hapo, baina ya nyumba mbili, na kwamba kinanda cha kisasa cha umeme kinaipita bila kuiona.

Nilichojua mimi, kwa kusoma, ni kwamba wapiga bluzi wa Marekani, watu weusi ambao roki yote imekopa kwao, nao hupenda kuisukuma ile sauti ya tatu kidogo, isibaki chini wala isifike juu. Sisemi ni kitu kimoja. Wenye elimu ya maqamu watanipiga mawe. Nasema labda ni mtaa mmoja.

Ile ya kaseti sijaipata. Mara mbili nimeisogelea. Mara zote mbili nilishtuka nikaiachia.

## Giza

Juzi umeme ulikatika tukiwa katikati. Amplifaya ikafa, feni ikazunguka kwa mazoea kisha ikasimama, watoto wa jengo zima wakapiga kelele kama kawaida yao. Gita la umeme bila umeme lina sauti ya mbu. Nikaanza kukunja waya.

"Unakwenda wapi?"

"Umeme, Maalim."

"Nimeona. Piga."

Nikakumbuka kitu nilichowahi kukijaribu kwa utoto. Nikasogeza kiti, nikakiegemeza kichwa cha gita kwenye kabati lake kubwa la mninga, lile lenye fidla juu, nikalibana mpaka mbao zikagusana barabara. Nikapiga. Kabati zima likaitika, si kwa nguvu, lakini kwa sauti pana, ya kifuani. Nikamsikia Maalim akiinuka gizani, magoti yakilia, akaja akaweka sikio kwenye mlango wa kabati.

Nikapiga kile kipande nilichokuwa nakipiga usiku waya ulipochomoka. Bila mkwaruzo, bila hedifoni, bila kuona hata mkono wangu. Nilifika katikati, kitu kikanichoma sikioni, nikasimama.

"Wa pili," nikasema haraka, kabla hajafungua mdomo. "Umeshuka."

Kimya. Sikio lake bado liko kwenye mbao.

"Wa tatu," akasema.

Nikaanza kupapasa mfukoni nikitafuta tochi ya simu.

"Tochi ya nini?" akauliza.